Kitambaa cha Kiti cha Mama

Sitawaficha kama nilivyofichwa mimi: siku nilipopanda lori Isiolo kwenda nyumbani likizo, mama yangu alikuwa ameshazikwa. Kila niliyekutana naye njiani na aliyejua, alinilisha. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikicheka.

Niliondoka kwa sababu likizo yangu ya mwaka ilikuwa imefika, na kwa sababu ya kitambaa. Nilikuwa matroni wa bweni la wasichana kule Isiolo, na kila likizo nilimpelekea mama kitambaa cha kochi nilichokidarizi kwa mkono wangu, chenye waridi, njiwa na maneno ya kubariki nyumba. Mama alikigeuza kwanza aone upande wa nyuma, kama nyuzi zimefungwa sawasawa, kisha akakifungia sandukuni. "Nitavitandika vikitimia," alisema. "Siwezi kuvalisha kiti kimoja nguo na kingine nikakiacha uchi." Sasa kilibaki kimoja tu, cha kiti chake mwenyewe pale dirishani, chenye maneno KARIBU MAMA. Nilitaka nikimalize kabla sijafika, nivione vyote vimetandikwa, na yeye ameketi kati yavyo kama mke wa chifu. Sikuwa na ndoto nyingine mwaka huo.

Asubuhi ya kuondoka, mwalimu mkuu aliniita nyumbani kwake, akanikaangia mayai yeye mwenyewe. Mwanamke huyo hakuwahi kunipa hata maji ya kunywa. "Kula, Wambui, safari ni ndefu," alisema, akageukia dirisha. Moyoni nikasema, leo kuna jambo! Pengine amesikia nataka kuacha kazi, ananibembeleza.

Nje nilimkuta shemeji Kariuki, mume wa dada yangu Njeri, na lori lake la unga. Mvua ilikuwa imebomoa daraja, barabara ikafungwa, na lori lake lilikuwa kati ya yale ya kwanza kupita. Mimi na shemeji ni watani. Siku nyingine yoyote angeanza kwa kusema nimenenepa kwa uji wa wanafunzi. Siku hiyo alibeba tu sanduku langu, akauliza, "Umeamkaje?"

"Shem, umeokoka?" nilimwuliza.

Akatabasamu kidogo, akawasha gari.

Nanyuki tuliingia hotelini. Ndani ya lori huwezi kushona, sindano itakutoboa jicho, kwa hiyo nilifurahi kusimama. Nilitoa kitambaa changu kilichobanwa kwenye kiduara cha mbao, nikaanza kujaza petali za waridi kwa uzi mwekundu. Shemeji aliagiza chai ya maziwa, mandazi na sahani ya karanga, nyama ya ng'ombe ya kukaanga, vyote akavisukuma upande wangu.

"Mama mzima?" nikauliza.

"Kunywa chai, itapoa."

Nami nikanywa! Jamani, mtu mwenye akili zake angelisikia jibu hilo. Mimi nililimeza pamoja na mandazi.

Karatina tulifika jua likiwa utosini, naye akataka nyama choma. Ng'ambo ya mto kutoka pale ndiko liliko shamba letu, alikozaliwa baba na alikozikwa. Nikamwambia tupitie tuwasalimie watu wa nyumbani.

"Barabara ya kule ni matope matupu," alisema. "Gari litakwama."

Kwa hilo hakunidanganya. Siku chache nyuma, wanaume walikuwa wamepita kwenye matope hayo wakiwa wamebeba jeneza la mama mabegani. Nami nilikuwa nimeketi hapo, natafuna mbavu, nachagua uzi wa kijani wa majani.

Shemeji hakula. "Dada yangu amekufundisha kufunga?" nilimtania. Alinyanyuka akasema anaangalia tairi. Alikaa huko nje mpaka nyama ikaganda mafuta, akarudi macho mekundu.

"Vumbi," alisema.

Vumbi, msimu wa mvua! Na mimi nikakubali.

Nairobi tuliingia jioni, wafanyakazi wa viwandani wakirudi makwao kwa miguu, wamefurika pande zote mbili za Jogoo Road. Nilishajiweka sawa, nimevaa viatu, nimefunga kitambaa cha kichwa upya. Kumbe shemeji anakata kona tena, tuko mbele ya hoteli.

"Shemeji, nimeshiba hadi shingoni! Nataka kula kwa mama. Nisipokula atanuna."

"Kidogo tu," alisema. Akaagiza chapati na maharagwe ya madondo, kisha akakitazama kitambaa mkononi mwangu. "Kimebaki nini?"

"Herufi moja tu. Ile A ya mwisho."

"Basi maliza. Hatuna haraka."

Mwanamke aliyekuwa akituhudumia alipokuja kupangusa meza aliinama kutazama. "Kizuri! Unamshonea nani?"

"Mama."

"Ana bahati, mamako."

Shemeji aliufunika uso kwa kiganja, akajifanya anasugua paji la uso. Nikafunga uzi kwa nyuma, kama mama anavyopenda, nikaukata kwa meno. Nikala chapati mbili kwa furaha.

Makadara, kwenye nyumba zetu za baraza la jiji, Mama Atieno alikuwa amesimama mlangoni petu. Ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Siaya, na hana sauti ya chini. Siku hiyo hakunipigia kelele. Alisogea tu mlangoni nikapita.

Vitambaa vyangu vyote vilikuwa vimetandikwa. Vyote! Vimefuliwa, vimetiwa wanga, vimenyooshwa, kila kiti na chake. Na Mungu ni shahidi wangu, nilifurahi.

"Mama!" niliita kuelekea jikoni. "Umeshindwa kunisubiri!"

Hakuna aliyeitika. Ndipo nilipowaona wanawake wameketi wameegemea ukuta, na Njeri amejifunga leso kichwani, na kiti cha dirishani kikiwa uchi.

"Wambui mwanangu," Mama Atieno aliuliza, "umekula?"

"Nimekula."

"Basi keti."

Nikaketi, nikaambiwa. Wageni wa msiba walikuwa wengi, wanawake wakafungua sanduku la mama, wakatandika walivyovipata. Baada ya mazishi hakuna aliyethubutu kuvitoa. Barabara ilikuwa imefungwa, mwalimu mkuu akapigiwa simu, na kwa kuwa nilikuwa naja likizo, wakubwa waliamua nisiambiwe nikiwa peke yangu huko, niambiwe nyumbani, kati ya wanawake, nikiwa nimeshiba.

"Mlinilisha!" nilipiga kelele. "Kama ng'ombe wa kafara, mlinilisha!"

"Ungeambiwa njiani na tumbo tupu, ungeanguka," Njeri alisema huku akilia. "Nani angekuokota?"

Najua ndivyo tufanyavyo. Mimi mwenyewe nimewahi kumpikia jirani ugali kabla hajaambiwa habari za mwanawe. Lakini yale mandazi, zile mbavu, zile chapati mbili, vyote vilikaa tumboni mwangu kama mawe, na sikuweza hata kuvitapika.

Likizo yote sikugusa sindano. Wanawake walikuja, wakavisifu vitambaa, wakaondoka. Nilitamani kuvichoma moto.

Wakati wa kurudi, shemeji alinivusha mto pale Karatina. Kaburi lilikuwa tuta la udongo mwekundu, majani yameanza kuota. Nilikitoa kitambaa nikataka kukitandaza juu yake, nikasikia kabisa sauti yake: utakichafua. Nikakikunja nikakirudisha mkobani, na hapo ndipo nilipolia.

Tulirudi hotelini kungojea mvua ikatike. Nyama ililetwa ikapoa, hakuna aliyeinyoshea mkono.

"Nisamehe, shem," alisema. "Niliambiwa nikulishe, nisiseme."

Nilimsamehe baadaye. Kitambaa ninacho mpaka leo, sina kiti cha kukivalisha. Na mtu akinialika hotelini, akaniagizia nyama nzuri nisiyoijua sababu yake, siketi mpaka aniambie kwanza ni nani amefariki.