Amelala Hapo Nyuma

Mume wangu alipokuwa hai alipenda kuwaambia wenzake kijiweni kwamba mke wake anapima umaskini kwa rula. Walicheka, na yeye alicheka kuliko wao. Alikuwa fundi seremala, rula ilikuwa yake, na nadhani alifurahi kwamba nyumba yetu ya Mshangano ilikuwa na watu wawili wa vipimo.

Kazi yenyewe ni hii. Shirika linaleta mradi wa kuwasaidia maskini: nguruwe, mbegu, mikopo midogo, chochote. Baada ya muda ofisi yetu inatakiwa kusema kama msaada ule ulistahili gharama yake. Tunachukua fedha yote iliyotumika, pamoja na mafuta ya gari na mishahara, tunaigawa kwa idadi ya watu ambao hali yao imebadilika. Jibu tunaliita gharama kwa mtu. Wenye fedha wameweka kikomo. Jibu likiwa chini ya kikomo, mradi unaendelea. Likipita, mradi unafungwa na fedha inapelekwa kwingine, ambako inaonekana itawafikia wengi zaidi. Sina ubishi na utaratibu huo. Fedha ni kidogo, wahitaji ni wengi, lazima mtu akae ahesabu. Mimi niliingia na cheti cha kidato cha nne, kwanza kuuliza maswali vijijini. Baadaye wakaona siandiki nisichokiona, wakanifundisha kompyuta na hiyo hesabu.

Mume wangu alifariki wakati wa masika. Aliumwa tumbo, tukadhani ni la kawaida, na hospitali tulifika likiwa si la kawaida tena. Karakana yake ilikuwa na kabati la mteja ambalo halijawekwa milango. Mteja alikuja baada ya mazishi, akasimama kidogo, akasema atalichukua hivyo hivyo. Alilifunga kwa kamba kwenye mkokoteni, na mvua ikawa inalinyeshea mpaka kona.

Msiba wake haukuisha. Siku za kilio zilipita, watu wakarudi makwao, lakini tanga hatukuanua. Kaka yake mkubwa anafanya biashara Nakapanya, na alisema tungoje msimu wa korosho upite, yeye ndiye atakayeleta mchele na kugharamia pombe. Kwetu, mpaka siku ile ifike, watu wale, wanywe komoni, nguo za marehemu zigawiwe, yeye mwenyewe hajatoka nyumbani. Hakuna aliyetufundisha hivyo darasani. Ndivyo tunavyosema tu. Nguo zake zilibaki kwenye misumari. Mjumbe wa mtaa alipopita kuandikisha vyandarua akauliza mko wangapi, nikamjibu watatu. Yeye mwenyewe alikuwa amebeba jeneza, bega la kushoto, upande wa mbele. Aliandika watatu. Chandarua kimoja ni cha watu wawili, kwa hiyo tulipewa viwili, mimi na binti yangu. Kimoja tulikitundika. Kingine kilikaa juu ya kabati ndani ya mfuko wake.

Nilirudi kazini kabla sijawa tayari, kwa sababu nyumbani kulikuwa na kimya kingi. Mradi uliokuwa mezani ulikuwa wa nguruwe, katika kijiji kimoja upande wa Madaba. Walipewa wajane na nyumba zilizofiwa na mtu aliyekuwa akizitegemeza. Kundi la kwanza lilikuwa limeshapata. Kundi la pili lilikuwa limeambiwa lijenge mabanda lingoje hesabu yetu. Vijana wetu waliajiriwa kwa muda, wengi kutoka mikoa mingine, wakaenda na tableti zao, wakauliza, wakarudi. Majibu yalikuwa mazuri. Gharama kwa mtu ilikuwa chini ya kikomo, chini kidogo tu, lakini chini. Ilibaki mimi niende kuhakiki nyumba chache, kama tunavyofanya kila mara.

Ilikuwa miezi ya baridi. Madaba asubuhi ile ukungu ulikuwa umelalia mahindi makavu mashambani, na wenye nyumba walikuwa bado wanaota moto jikoni. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima, mwenye kikohozi na ulimi mwepesi. Mdogo wake, mjane pia, alikuwa jirani yake, nyumba zao zikitenganishwa na migomba. Huyo mdogo alikuwa katika kundi la pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wale watoto wako walishakuja na vioo vyao, wakanisugua kwa maswali wee. Nawe unataka nini?"

"Nahakiki tu, mama. Nione kama waliandika sawa."

"Kama hawakuandika sawa utawachapa?"

"Wamekuwa wakubwa, mama."

"Basi keti. Nguruwe wangu huyo hapo, mwone, ana adabu kuliko wao."

Nguruwe alikuwa mnene kweli, na ameshazaa. Mama aliuza watoto wa nguruwe wawili, akaezeka bati upande mmoja wa nyumba. Wajukuu walikuwa na sare. Yote waliyoandika vijana niliyaona kwa macho, na moyo wangu ulipoa. Nikafika kwenye watu wa nyumba. Tableti ilisema watano. Nikasoma majina mmoja mmoja: yeye, binti yake, wajukuu wawili, na mwanamume mtu mzima. Huyu mwanamume hakuwa na kazi, hakuwa mgonjwa, hakuwa amesafiri. Kwenye swali la kama jana alilala hapa, kijana wetu alikuwa ameandika ndiyo, na pembeni ameongeza: nyumba ya nyuma.

"Na huyu baba yuko wapi, mama?"

"Amelala."

"Saa hizi?"

Alinitazama kana kwamba nimemtania vibaya. "Amelala hapo nyuma," akasema, akaelekeza kwa kidevu.

Nilizunguka nyumba. Hakukuwa na nyumba nyingine nyuma. Kulikuwa na zizi la nguruwe, kisha kichaka cha mabingobingo, kisha kaburi lenye msalaba wa mti, udongo wake bado haujajengewa. Nilisimama pale. Niliyajua maneno yale kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayatumia mwenyewe. Mtu akiniuliza habari za mume wangu, nilikuwa nasema amelala. Nisingeweza kutamka lile neno lingine kwa mdomo wangu.

Niliporudi, mdogo mtu alikuwa ameshafika, amejifunga shuka mabegani.

"Hamjaanua tanga?" nikamuuliza mama.

"Tuanue kwa kitu gani? Kwa moshi? Tunangoja nguruwe huyu azae tena, tuchinje mmoja. Hatuwezi kumtoa mwenzetu kwa maji matupu."

Mdogo wake akacheka. "Dada, mwambie huyu mama wa mjini alione banda langu kabla hajaondoka. Mwambie halina mwenyewe, linapiga mbinja usiku."

Nililiona. Lilikuwa la mianzi, limeinuliwa na kusakafiwa vizuri kwa udongo, bora kuliko la dada yake. Mianzi alikata mwenyewe bondeni. Hori la kulia chakula alilichonga kwa gogo moja. Aliweka mkono juu ya hori lile akiongea nami, kama mtu anayegusa mgongo wa mnyama.

Siku hiyo na iliyofuata nilizunguka nyumba nilizopangiwa, halafu nikaenda hata kwenye zile ambazo sikupangiwa. Amelala. Yuko hapo nyuma. Bado yupo, hatujamaliza. Mradi ulilenga nyumba zilizofiwa, kwa hiyo wa namna hiyo hawakuwa mmoja wala wawili. Vijana wetu hawakudanganya, na wenyeji hawakudanganya. Kila upande ulisema kweli yake kwa Kiswahili kile kile. Lakini katika hesabu yetu nyumba ikiinuka, wote waliomo wanahesabiwa wameinuka. Tulikuwa tumeandika kwamba marehemu wale wametoka katika umaskini.

Songea nilimweleza mkuu wangu. Ni kijana wa kutoka Kanda ya Ziwa, ana shahada mbili na roho nzuri, na huniita dada hata anapokasirika. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Dada, ungevunjika mguu Madaba, ukarudi wiki ijayo, ripoti ingekuwa imeshakwenda."

"Najua."

"Ukiwaondoa, tunafika wapi?"

"Sijapiga. Nafikiri tunapita kikomo."

"Nguruwe ni wale wale. Bati ni lile lile. Wajukuu wana sare."

"Ndiyo."

"Ila wa kugawanyiwa wanapungua." Nje, kwenye duka la pembejeo lililo chini ya ofisi yetu, watu walikuwa wanabishana juu ya bei ya mbolea. "Mimi sikuwaona," akasema mwishowe. "Wewe umewaona. Nikikuambia uwaache humo utawaacha?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nataka hilo lijulikane. Nililifikiria banda la mianzi. Nilifikiria pia kwamba wale waliolala walihesabiwa na watu wao wenyewe, na mimi ni nani wa kuwapunguza. Lakini swali letu halikuwa nani anapendwa katika nyumba hii. Lilikuwa nani anakula. Na kuna kijiji kingine mahali, sikijui, ambacho kingekosa fedha ile kwa sababu ya watu wangu wasiokula.

"Hapana, bosi," nikasema.

"Basi andika. Na mimi nitaandika barua ya kuwaombea, lakini usitegemee."

Niliwaondoa mchana ule. Kompyuta haifuti mtu kimya kimya. Kila jina iliniuliza kama nina uhakika, na kila jina nikabonyeza ndiyo. Wengi walikuwa na umri wa mume wangu au chini yake. Nilipomaliza niligawa upya. Tulipita kikomo, si kwa mbali.

Barua ya mkuu wangu ilijibiwa kwa heshima. Walisema wanathamini uaminifu wetu, na kundi la pili halitaendelea.

Niliomba nipeleke habari mwenyewe. Sikutaka wapigiwe simu. Wakati huo baridi ilikuwa imekwisha, mashamba yamechomwa, vumbi lilikuwa jekundu mpaka kwenye majani ya migomba. Mama alinikaribisha, binti yake akaleta kigoda, mdogo wake akaja mbio mbio akifuta mikono. Alikuwa amepanda majani ya viazi kuzunguka banda, akaanza kunieleza kwamba yatamtosha nguruwe mpaka mvua. Nikamkatisha. Nikawaeleza yote, pamoja na sababu, kwa maneno mepesi niliyoweza kupata.

Mama ndiye aliyesema.

"Kwa hiyo mume wangu ndiye aliyemnyima mdogo wangu nguruwe."

"Hapana, mama. Hesabu ndiyo ilikuwa..."

"Hesabu ina mikono? Nani alimtoa?"

"Mimi."

"Wewe." Alikohoa, akakitazama kitambaa changu cheusi kichwani, ambacho mara ya kwanza labda hakukizingatia kwa ajili ya ukungu. "Sisi hatujamtoa. Wanawe hawajamtoa. Umekuja wewe na gari lako ukamtoa. Kwako mko wangapi?"

Nilikuwa nimeshaulizwa swali hilo na watu wengi tangu masika, na jibu lilikuwa limezoea kutoka lenyewe. Safari hii nilikuwa nimefuta majina mengi mno ya watu.

"Wawili," nikasema.

"Uliyemvalia hicho kichwani ni nani?"

"Mume wangu."

"Mmeshaanua?"

"Bado, mama. Tunangoja korosho."

Alitikisa kichwa polepole. Nilidhani atanihurumia, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. "Basi una moyo mgumu," akasema. "Hata wako umemtoa hapa hapa, mbele yetu."

Mdogo wake aliinuka. "Banda nitaliwekea kuni," akasema, bila kumwambia yeyote, akaenda zake kupitia migomba. Tulimsikia akiondoa majani ya viazi, akiyatupa ng'ambo ya uzio, kwa nguruwe wa dada yake. Mama hakunisindikiza, na sikustahili kusindikizwa.

Nilifika Mshangano jua halijazama. Nilishusha kile chandarua juu ya kabati, nikapuliza vumbi, nikaenda nacho kwa mjumbe. Alikuwa anamwagilia mchicha wake.

"Mama, vipi? Kimetoboka?"

"Hapana. Tulichukua kimoja zaidi. Tuko wawili."

Alisimama na ndoo mkononi, maji yakimwagikia miguuni. Alijua nilichosema. "Si mngengoja kwanza shemeji yako aje?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Tutangoja. Kuanua tutaanua. Lakini tuko wawili."

Alikipokea. Akasema kuna mama huko juu amejifungua pacha, atampelekea. Nikamshukuru, nikarudi na mikono mitupu, sikupita karakana, nilizunguka kwa njia ya kisimani.

Binti yangu alikuwa ameshapika. Alitenga ugali na mboga mezani, sahani mbili, moja yangu na moja yake. Niliziangalia. Sikukumbuka kuona tatu siku iliyotangulia, wala wiki iliyotangulia. Sijui alianza lini kutenga mbili. Sikumuuliza. Nilinawa, nikaketi, tukala.