Nyumba Kumi na Nne za Mzee

Sikuja Marekani kutembea. Kutembea nilikumaliza nikiwa mtoto: saa nzima kwenda shule, saa nzima kurudi, na jioni mtoni na jerikeni mgongoni. Kwa hiyo ofisi iliyokuwa ikinipangia wazee wa kutunza iliponiambia kwamba mzee wangu mpya wa Bladensburg anapenda matembezi, niliguna. Mtu mzima, mwenye gari uani, anatoka nyumbani kwa miguu hana anakokwenda, kisha anarudi alikotoka. Niliona huo ni wazimu wa watu walioshiba.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Mzee huyo alikuwa Mskoti aliyekuja nchi hii akiwa kijana, akafanya kazi ya kuchora ramani mpaka akastaafu. Mke alifariki, akabaki na nyumba ya matofali karibu na Mto Anacostia, na binti mmoja aliyeishi Manassas. Binti alikuja kila Jumamosi. Siku za kazi nilikuwa naye mimi, tangu asubuhi hadi saa kumi. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka, ingawa si zote kwa pamoja: alisahau kama amekunywa chai, lakini bonde la mababu zake hakulisahau hata jiwe moja.

Mimi nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza, akaniuliza maana yake. Nilipomweleza alicheka, akasema kwa Kiingereza neno hilo lingekuwa tusi, na kuanzia hapo akawa anajitambulisha hivyo hata kwa mleta barua.

Bonde lao lilikuwa na nyumba kumi na nne, na zote hazikuwa na paa. Watu wake walifukuzwa zamani, mwenye ardhi alipoona kondoo wana faida kuliko wapangaji. Ujanani Mzee alizunguka huko kwa miguu na daftari, akiwauliza wazee wa vijiji vya pwani nani aliishi wapi, nani alikuwa fundi, nani alikuwa mjane. Kilichomkera ni kwamba vitabu vya yule mwenye ardhi viliandika kuwa watu waliondoka kwa hiari yao. Kilichomuuma zaidi ni nyanya yake. Huyo nyanya alizaliwa katika moja ya nyumba hizo, akabebwa kutoka humo akiwa kichanga, na uzeeni naye alisema hivyo hivyo: tuliondoka wenyewe. Alikuwa ameambiwa mara nyingi mno mpaka akaamini kuwa anakumbuka.

Nilimwelewa upesi kuliko alivyodhani. Nyanya yangu mwenyewe aliondolewa kwenye mteremko wa baba yake ili Mzungu apate shamba la ngano, na shuleni tulifundishwa kwamba ardhi ile ilikuwa tupu. Sikumwambia Mzee. Nilikuwa na hasira kidogo, nikiwaza kwamba huenda yule Mzungu naye alikuwa Mskoti.

Masharti ya matembezi yalibandikwa kwenye mlango wa friji: nusu saa, njia ya lami ya kando ya mto tu, tusipite ubao wa matangazo ambapo lami inaishia. Ndani ya nusu saa hiyo Mzee alikuwa amepanga bonde lake lote. Benchi la kwanza lilikuwa nyumba ya mwalimu. Nguzo ya taa ilikuwa ya mshonaji aliyekuwa na mguu mmoja mfupi. Gati ilikuwa ya msaga nafaka na binti zake watano, wote wakali. Kila tukifika mahali alisimama, akagonga chini kwa fimbo yake, akataja waliokuwamo, nami ilinibidi nirudie. Nikikosea tulirudi nyuma hatua kumi. Mwanzo nilirudia huku naangalia saa. Kufikia mwisho wa kiangazi nilikuwa nawajua wale watu kuliko majirani zangu wa Greenbelt, nilikokuwa nikiishi.

Siku moja kwenye gati aliniambia kuwa zamani meli zilifika hadi hapo, na kwamba wafanyabiashara wa Kiskoti walikuwa na maduka hapo hapo wakinunua tumbaku.

"Na tumbaku ililimwa na nani?" nilimuuliza.

"Watumwa, unajua," alisema.

Tulitembea mpaka nguzo ya mshonaji. Hapo akasema polepole kwamba mtu akishafukuzwa kwao hapati akili wala huruma kwa sababu hiyo, anapata njaa tu. Nilimheshimu kwa jibu hilo. Wengi wangegeuza mazungumzo wakanieleza habari za hali ya hewa.

Ubao wa matangazo ulikuwa nyumba ya kumi na moja, ya mjane mfuga nyuki. Hapo tuligeuka kila siku. Nyumba tatu za mwisho zilikuwa kupita hapo, kwenye njia ya udongo iliyoingia mitini kando ya kijito, na Mzee alikataa katakata kunisimulia habari zake. Alisema hizo hasimuliwi mtu aliyesimama mbali. Ya kumi na nne ndiyo ilikuwa ya kwao.

Mwezi wa Novemba, siku ya baridi yenye jua, tulifika kwenye ubao na Mzee hakugeuka. Alinyoosha fimbo kuelekea mitini.

"Njia ni hii," alisema. "Nimeipita tangu utoto."

Nilijua hajawahi kuipita. Utoto wake ulikuwa ng'ambo ya bahari. Kulikuwa na wanaume wawili wakivua samaki karibu yetu, wakitutazama, na mimi nimelelewa kwamba mkubwa akitangulia unafuata, humsahihishi njia mbele za watu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa kwa miaka mingi. Sababu ya pili ni kwamba nilitaka kuziona nyumba tatu. Nilizitaka kabisa, mimi niliyekuja nchi hii ili niache kutembea.

Tukaenda. Alitembea vizuri kuliko nilivyowahi kumwona, mgongo umenyooka. Kwenye mti ulioanguka alinionyesha nyumba ya kumi na mbili, ya ndugu wawili waliogombana wakajenga ukuta katikati ya chumba. Kwenye jiwe kubwa, ya kumi na tatu, ya mkunga. Nilirudia yote sawasawa, akanipigia makofi. Kisha akasema kwao ni hapo juu tu, tuvuke. Kijito kilikuwa na mawe machache yenye utelezi. Nilisema, "Mzee, tungoje," na wakati huo alikuwa ameshatia mguu.

Alivunjika kifundo cha mkono na kupasuka kwenye paji la uso. Nilimvuta kutoka majini, nikamfunika koti langu, nikapiga simu. Aliniuliza kama nimelowa. Basi, hilo tu ndilo aliloniuliza mpaka gari la wagonjwa likafika.

Hospitalini msimamizi wangu alinipigia simu. "Ulikuwa wapi?" aliuliza, kabla hata ya kuuliza hali ya mgonjwa. Nilifikiria ile karatasi kwenye friji. Nilifikiria cheti changu cha muuguzi msaidizi, kilichonigharimu miaka miwili ya kusoma huku nakesha kazini, na jinsi kinavyoweza kufutwa kwa barua moja. Nikasema nilikuwa chumba cha chini natia nguo kwenye mashine, Mzee akafungua mlango akatoka, nikamfuata nikamkuta ameshaanguka. Uongo ulinitoka umenyooka, una mwanzo na mwisho, hata mimi nilishangaa.

Binti alifika kutoka Manassas amevaa viatu vya ofisini. Alinikumbatia, akalia begani kwangu. "Asante kwa kumpata," alisema. Nilimpigapiga mgongoni. Ningeweza kusema wakati ule. Sikusema.

Kesho yake fundi alikuja kuweka kufuli jipya juu kabisa ya mlango. Matembezi yakapigwa marufuku. Mtu anayetoroka nyumbani, daktari alieleza, huyo hakai tena peke yake na mhudumu mmoja, na binti akaanza kutafuta nyumba ya wazee yenye milango inayofungwa. Yote hayo yalisimama juu ya maneno yangu. Mzee hakuwa ametoroka hata siku moja maishani mwake.

Naye alisema. Wiki ya kwanza alimwambia kila aliyeingia: "Huyu mama alikuwa nami. Nilikuwa namwonyesha nyumba." Binti alimshika mkono akamwambia, "Hapana, Baba, ulitoka peke yako, unakumbuka?" kisha akanigeukia na kuniomba radhi, kwamba baba yake siku hizi anabuni mambo. Daktari alimwambia hivyo hivyo. Afisa wa ustawi wa jamii naye. Siku moja tulikuwa wawili tu mezani, akaweka kijiko chini akanitazama.

"Hatukuwa pamoja?" aliuliza.

"Tule kwanza, Mzee," nilimwambia.

Nimewahi kufanya mabaya mengine, lakini hilo ndilo ninalolikumbuka nikiwa nafanya kazi za kawaida, nikiosha vyombo, nikingoja basi. Hakuuliza tena.

Niliishi na dada mmoja Mtanzania, mwenyeji wa Tanga, aliyekuwa anasoma chuoni. Nilimweleza Ijumaa jioni anakunja nguo.

"Mi nilipanic tu," nilisema. "Na saa hii nikisema, ofisi watanireport na cheti kimeenda. Nitafanya job gani?"

"Cheti utasoma tena, dada yangu," alisema bila kuinua macho. "Haya, na huyo babu wa watu, mlango usio na kufuli utampatia wapi mwingine?"

Nilimkasirikia. Nilimwambia yeye ana ufadhili wa masomo, ni rahisi kwake kuhubiri. Akaendelea kukunja shuka. Asubuhi nilipanda basi kwenda Bladensburg ingawa Jumamosi haikuwa zamu yangu.

Zilikuwa zimepita wiki tatu. Nilikuta masanduku mawili sebuleni. Nafasi ilikuwa imepatikana jana yake jioni na Mzee alikuwa anahamishwa siku hiyo hiyo. Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, koti limefungwa vifungo vyote, mkono ungali kwenye plasta. Nilisimama mbele ya binti yake nikasema yote kwa mkupuo, maana ningepumua ningeacha.

"Baba yako hakutoka peke yake. Nilikuwa naye tangu mlangoni mpaka alipoanguka. Tulipita ubao. Niliona anakosea njia nikamfuata. Hajawahi kutoroka. Nilidanganya kwa sababu niliogopa kupoteza kazi."

Niliona uso wa binti ukianza kubadilika, na nilikuwa tayari kwa lolote, hata kofi. Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, ni kweli?"

Mzee alinitazama. Macho yake yalikuwa na ule upole wa mtu anayemkaribisha mgeni.

"Usimsumbue huyu mama," alisema. "Niliondoka mwenyewe."

Nilimwambia, "Mzee, hapana. Benchi ni la mwalimu. Nguzo ni ya mshonaji. Gati ni ya msaga nafaka na binti zake." Nilitaja zote mpaka ya mkunga, sauti inapanda. Alinisikiliza kwa adabu, akiitikia kwa kichwa kidogo, na hakunisahihisha popote.

"Niliondoka mwenyewe," alirudia.

Binti alikuja akanishika mabega. Alisema nina moyo mzuri sana, kwamba anaona jinsi ninavyompenda baba yake, lakini sina haja ya kubeba lawama ili baba abaki nyumbani. Nilimwambia tena kuwa nasema kweli. Alisema anajua. Hakuniamini hata kidogo. Jumatatu niliipigia ofisi nikawaeleza, nao wakaniuliza familia inasemaje, nikawaambia. Wakanipangia mzee mwingine.

Sijui mpaka leo kama alikuwa ananikinga au kama tulikuwa tumeshamfundisha. Nimejaribu kuamini lile la kwanza. Siwezi, kwa sababu mimi ndiye niliyesikia habari za nyanya yake, na nilijua mtu anafikishwaje pale.

Jumamosi ile tulimtoa nje. Hewa ilipompiga usoni aligeuka kushoto, kuelekea mtoni, akapiga hatua mbili tatu za haraka. Binti akamshika kiwiko taratibu akamgeuza kwenye gari. Mimi nilikuwa nyuma yao na fimbo. Nilipoinyoosha ili aiweke ndani, binti alisema kule hataihitaji, nibaki nayo.

Ninayo. Siku nyingine, hata bila kuwa na mahali pa kwenda, ninaishika naenda nayo mpaka kwenye jiwe la mkunga. Nyumba ya kumi na nne sijui ilikuwa na nani, wala hakuna mwingine wa kumuuliza, maana niliyetakiwa kurudia baada yake ni mimi peke yangu.