Kuku Wangu Walivyoingia Nikaha Bila Manyoya

Jamani, chekeni tu, nimeshazoea, maana hapa Garissa hadi leo nikipita sokoni kuna mama wa maziwa ya ngamia ambaye huniuliza, "Mwalimu, kuku yako ameshavaa nguo?" nami hujibu ameshavaa, nikaendelea na safari yangu huku masikio yananiwaka.

Mimi ni Mluhya wa Bungoma (ndiyo, sisi tunaosifika kwa kupenda kuku, na bado kuku wamenishinda), na nilipoletwa kufundisha huku mama yangu alinifungia kuku watatu kwenye kikapu akasema, "Usije ukakosa cha kumchinjia mgeni." Mwenye nyumba wangu, Hajji, ambaye tunatenganishwa na ukuta tu, alikubali niwafuge kwa sharti moja: kuku mmoja akiugua, wote watoke, kwa sababu mbuzi wake wako papo hapo. Basi tukaishi. Bungoma ni mbali, mgeni hakuja, kuku wakala, wakataga, wakanenepa.

Halafu wakaanza kunyonyoka. Kwanza shingo, kisha mgongo, kisha mkia wote, uwanja ukajaa manyoya na mayai yakakatika. Nikajua huu ni upele, Hajji akiona nimekwisha, na kuku wa mama siwatoi hata iweje! Nilikuwa nimewaona wachungaji wakiwapaka ngamia wenye upele oili chafu ya gari, nami badala ya kumuuliza mtu hata mmoja nikaenda gereji, nikaomba kopo, na Ijumaa hiyo (siku ambayo binti wa Hajji alikuwa anaolewa upande wa pili wa ukuta, na nilijua vizuri) nikawapaka wote watatu kuanzia kichwa hadi miguu.

Kuku aliyepakwa oili hashikiki (hilo chuoni hatukufundishwa). Wa kwanza aliponiponyoka wengine wakamfuata, wakapita chini ya lango moja kwa moja hadi kwenye mikeka walikoketi wanaume na kanzu zao nyeupe, sheikh ndiyo kwanza amemaliza dua, nami nyuma yao, mikono myeusi hadi viwiko, nimevua kitambaa cha kichwa nikifanye wavu, nikipiga kelele, "Msiwaguse! Wana dawa!" Wawili niliwadaka. Wa tatu akaruka (kwa mabawa gani, sijui) akatua mapajani pa bwana harusi.

Mzee mmoja akauliza, "Wallahi, hii kuku nani amenyonyoa na bado iko hai?"

Wanawake ndani wakaangua kicheko, nami nikatamani ardhi inimeze, lakini kurudi bila kuku wangu sikurudi. Nikamnyanyua kutoka kwenye kanzu ile iliyojaa nyayo za oili, nikasema "Hongera," nikatoka.

Nilipokuwa nawaosha kwa sabuni ndipo nikaona ngozi imejaa ncha za manyoya mapya yanayochomoza. Nikampigia mama, akacheka mpaka akakohoa.

"Wanabadilisha manyoya, binti yangu! Kuku akishakomaa hufanya hivyo kila mwaka."

"Mbona nyumbani sikuwahi kuona?"

"Utaonaje? Kwetu kuku gani amewahi kufika umri huo kabla mgeni hajabisha hodi?"

Jioni Hajji akaja na mkewe, Mama Hawa. Nikasimama mlangoni pa banda nikajikaza. "Hajji, kanzu nitaifua mwenyewe hadi itakate, lakini hawa siwatoi. Si wagonjwa." Nikainua bawa la mmoja ajionee.

Hajji akainama kutazama ngozi. Aliyesema ni Mama Hawa. "Sasa mwalimu, hii kuku mama yako alikupa ya nini?"

"Ya wageni."

"Mgeni amekuja?"

"Bado. Kwetu ni mbali."

"Na sisi?" akauliza. "Sisi ni nini?"

Kila Idi sahani zao za wali na nyama zinavuka ukuta kuja kwangu, na mimi nimekalia kuku nikimngoja mtu wa Bungoma. Iliniuma. Aibu ya oili ilikuwa mchezo mbele ya hiyo.

Manyoya yaliporudi, yanang'aa, nikawaita watu wote wa nyumba ya Hajji. Hajji alichinja kuku wawili kwa mkono wake ili kila mtu ale, na bwana harusi akaja na kanzu nyingine, akang'ang'ana na paja (nyama ya kuku mzee, jamani, ni kama kamba) mpaka akalishinda. Nimebakisha kuku mmoja tu, naye nimeshamwapia: hazeeki kwangu. Nikiona unyoya wa kwanza umedondoka, nagonga ukuta.