Fundo la mkungu lililokaza mita tisa chini ya maji

Saa tatu asubuhi, ukungu bado umelalia bwawa la umwagiliaji huko Bugomora, wilayani Kyerwa. Melkiory Byarugaba amesimama maji yakimfika kiunoni, kidevu amekiinua kama mtu anayenyolewa.

Mbele yake yupo mzamiaji mwenzake, Habumugisha. Anakishika kipumulio cha akiba kinachoning'inia chini ya kidevu cha Melkiory na kukivuta kwa nguvu. Kinachomoka. Anakitia mdomoni, anavuta pumzi mbili, anakirudisha. Kisha anakivuta tena.

"Mara ngapi, ndugu yangu?" Melkiory anauliza.

"Mpaka moyo wangu utulie," anajibu Habumugisha, wala hacheki.

Ana sababu. Machi mwaka huu alikivuta kipumulio hicho hicho chini ya maji, nacho hakikuja.

Kazi yao ni kushuka mita tisa, kuingia katika chumba cha zege na kung'oa mafunjo yanayoziba chujio la bomba. Chumba kina mlango mmoja. Ukipatwa na jambo humo huwezi kupaa moja kwa moja, sharti kwanza urudi ulikoingilia. Ndiyo maana kila mzamiaji hubeba vipumulio viwili kwenye mtungi mmoja: kimoja chake, cha pili cha mwenzake atakayekosa hewa.

Hicho cha pili ndicho kilichomsumbua Melkiory, mwenye miaka 44. Akikiacha huru, kinaburuzika nyuma na kujaa tope. Alijaribu kukitia mfukoni, mpira wake ukajikunja na kung'ang'ania humo. Siku moja uvumilivu ukamwishia, akachukua kamba ya mgomba.

Lo! Mkulima ni mkulima, hata umvalishe miwani ya kuzamia.

"Nilikifunga begani kwa fundo lile lile ninalofungia mkungu kwenye baiskeli," anasimulia. "Milima yote ya Kiruruma nimeishuka, haujaniangukia mkungu hata mmoja. Nikajiona fundi kweli kweli!"

Alisahau jambo moja: mkungu haufungwi ili mtu mwingine aje auchomoe kwa haraka. Na kamba ya mgomba ikilowa, fundo lake hukaza.

Dakika ya ishirini siku hiyo ya Machi, mpira wa hewa wa Habumugisha ulipasuka wakiwa ndani ya chumba, mtungi wake wote ukamwagika. Mapovu yakajaa, asione hata mkono wake. Akapapasa bega la mwenzake, akakipata kipumulio.

"Nilivuta, hakuna. Nikavuta tena, naona namvuta Melkiory mzima," anasema Habumugisha. "Nikajua basi, nimekwisha."

Melkiory alipapasa fundo, vidole vikateleza. Ndipo alipokichomoa kipumulio chake mwenyewe na kukisukuma mdomoni mwa mwenzake. Wakapokezana, pumzi mbili huyu, pumzi mbili yule, wakikwaruza kuta kuutafuta mlango.

"Kila nikimpa, naogopa hatanirudishia," Melkiory anakiri. "Alinirudishia kila mara. Huyo mtu, jamani!"

Walitoka wazima. Siku hiyo hiyo Restuta, mke wa Melkiory, alikata pete ya mpira kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Tangu hapo Melkiory huivaa shingoni, nayo hukibana kipumulio cha akiba kwenye sehemu yake ya kuuma tu. Kiko karibu na macho, hakigusi tope, na kikivutwa kinaachia.

Lakini kuna kitu ambacho hakijaachia. Gloriose, mke wa Habumugisha, anajua tu kwamba Melkiory alitoa hewa kinywani mwake ili mumewe apone. Habari ya fundo haijui. Amekuwa akitoka kwao Chonyonyo na kapu la maharage, anapiga goti kumshukuru. Mwezi uliopita alijifungua mtoto wa kiume na kumwita Melkiory.

"Nimeombwa nimsimamie ubatizo Jumapili," anasema Melkiory. "Nitasimamaje pale madhabahuni? Mimi ndiye niliyekaribia kumfanya mjane!"

Habumugisha anaangalia maji. "Mimi nimeshasamehe, tena zamani," anasema. "Ila kwa mke wangu, useme mwenyewe. Sikusemei."

Wanashuka. Kwa dakika arobaini juu ya maji kuna mapovu tu, mistari miwili iliyokaribiana, na mwandishi aliyebaki ukingoni hana la kufanya ila kuyatazama. Mara mstari mmoja unakatika. Unarejea. Vichwa viwili vinaibuka.

"Tulijaribu kipumulio chake cha akiba humo chumbani," Habumugisha anaeleza akihema. "Kimetoka."

Melkiory anavua miwani na kumwomba mwandishi jambo moja: gazeti lisitoke na habari hii kabla ya Jumatatu. Jumamosi atakwenda Chonyonyo, aketi na Gloriose, amweleze lile fundo lilivyofungwa na nani alilifunga.

"Nataka niende siku moja kabla ya ubatizo," anasema. "Akitaka kumbadilishia mtoto jina, awe na muda."