Mfuniko Nilioushusha

Naandika kwa mkono wa kulia, polepole, na sina hakika kama nitaeleza sawasawa. Shule niliishia la saba. Ila nesi aliyenihudumia aliniambia, "Baba Rehema, andika, wenzako wasome." Basi najaribu.

Kabla ya ajali nilikuwa nachoma mishkaki hapa Kanyenye, nje ya nyumba yetu, miaka mingi, kwa mkaa. Ramadhani, kaka wa mke wangu, akaniletea jiko la gesi la kuchomea nyama, lenye mfuniko mkubwa. Mpira wa gesi aliuunga mwenyewe kwenye mtungi. Akasema, mke wangu akisikia, "Shemeji, hili halipepewi. Na ukiwasha, mfuniko uwe wazi. Umeelewa, au nikuchoree?"

"Nimeanza kuchoma nyama wewe unanyonya," nikamjibu. Tukacheka.

Alasiri moja upepo ulizima moto. Sisi watu wa mkaa, moto ukififia tunafunika ili joto lisipotee, kisha tunaurudia. Mkono ukafanya ulichozoea. Nikashusha mfuniko, koki ya gesi ikiwa wazi, nikaenda kumkatia nyama mteja. Niliporudi niliinua mfuniko kidogo, nikawasha kiberiti.

Mlipuko sikuusikia. Nilisikia kama mtu amenikung'utia blanketi usoni. Halafu harufu ya nywele. Ngozi ya mkono ilining'inia kama soksi iliyolegea, na maumivu yalikuwa hayajafika. Hilo linanitisha mpaka leo, ule muda wa kuutazama mkono kama wa mtu mwingine.

Majirani wakanipaka dawa ya meno. Walitaka kunisaidia, siwalaumu. Hospitali ilibidi waikwangue, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nesi akasema, "Mngemmwagia maji safi tu, kwa muda mrefu." Siku ya nne kidonda kilitoa usaha, homa ikapanda. Daktari akamwambia mke wangu, "Mkono tunaupigania. Vidole siahidi."

Mke wangu aliniuliza ilikuwaje. Nikasema, "Mpira ulivuja." Labda ilikuwa homa. Hapana, nisiisingizie homa. Akili zangu nilikuwa nazo.

Ramadhani alikuja kila siku kutoka Ntalikwa na chupa ya uji, akaninywesha kwa kijiko. "Nisamehe, shemeji," alisema alipoyasikia hayo, mbele ya ndugu wote. Nikameza uji. Kila nikifumba macho nilisikia gesi inatoka, ssss, na nikifumbua namwona yeye ameshika kijiko.

Homa iliposhuka, nesi alimfundisha kuninyoosha vidole. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Ramadhani, mpira haukuvuja. Nilifunika jiko."

Hakuacha kukunja kidole alichokuwa amekishika. "Najua. Siku ileile niliupaka povu la sabuni. Haukutoa hata kiputo."

"Sasa mbona uliomba msamaha?"

"Ningekubishia ungeukataa uji wangu. Na mkono wa kushikia kijiko ulikuwa huna."

Nikamwita mke wangu, nikarudia mbele yake kwamba nilifunika jiko, kisha mbele ya ndugu wengine. Kusema hivyo kuliniuma kuliko kukwanguliwa.

Namshukuru Mungu, na wale walionifunga vidonda. Vidole vitatu vinakunjika, viwili bado. Wewe mwenye jiko kama langu, fungua mfuniko kabla hujawasha. Moto ukizimika, funga koki, acha mfuniko wazi, kaa mbali mpaka harufu iishe kabisa. Mpira uupake povu la sabuni mara kwa mara. Ukiona viputo, usiwashe. Ukiungua, maji, kisha hospitali. Na ukiulizwa ilikuwaje, sema ilivyokuwa.

Jiko lipo palepale. Ramadhani ndiye anayeliwasha, mimi nakata nyama kwa mbali. Hata likiwa limezimwa naisikia gesi. Nainuka, nagusa koki ya mtungi. Imefungwa. Nakaa. Halafu nainuka tena.