Friza ya Mkwezi

Simu ilimkuta Dada Mkubwa kwenye karo, mikono imejaa povu. "Dada, kaa chini kwanza," alisema mkuu wa kituo cha utafiti wa miti. Hakukaa. Mdogo wake, aliyemwachia ziwa, alikuwa ameanguka kazini kwa presha, na hakuamka tena.

Walimwita Mkwezi. Kazi yake ilikuwa kukwea miti mirefu kwa kamba na kushusha majani, ili wataalamu wasome vinasaba na kujua mti upi ni ndugu wa upi.

"Tukiotesha mbegu za mama mmoja tu, tunaozesha kaka na dada," aliwahi kumweleza dada yake. "Msitu mzima utakuwa mgonjwamgonjwa."

"Na wewe utaoa lini?"

"Wachumba wangu wako kwenye friza!"

Humo alitunza majani ya miti mikongwe iliyokwisha kuangushwa kwa misumeno. Hapakuwa tena pa kuyachuma. Mkwezi hakuacha mtoto. Dada Mkubwa alijifariji kwa majani hayo, akamwomba Mungu yasomwe, mbegu za kuotesha zijulikane, miche ipatikane.

Msibani, kituo kilileta soda, baridi kwelikweli. Dada Mkubwa alipokea yake, akapiga funda moja, ndipo akaona kikaratasi kimegandia ubavuni mwa chupa, mwandiko wa mdogo wake: *Mti mama, bondeni.*

"Hizi mmezipozea wapi?"

"Friza ya marehemu, mama," dereva akajibu kwa majivuno. "Mkuu alisema tutoe kwanza yale matakataka."

Akaomba apelekwe kituoni. Nyuma ya maabara, juani, mfuko mweusi ulikuwa umevimba. Alipoufungua, nzi walimrukia usoni. Majani yalikuwa rojo jeusi lenye uvundo. Mdomoni bado alikuwa na utamu wa ile soda. Akatema. Akatema tena.

Kesho yake makaburini, mkuu alijongea na hotuba yake. "Kazi ya marehemu itaishi milele..."

"Mkuu, kunja karatasi yako."

"Dada, ni heshima za mwisho."

"Heshima zake ulizitupa kwenye mfuko, zimeoza. Mwache mchungaji aombe."

Mkuu akakunja karatasi, akarudi nyuma. Mchungaji aliomba. Jeneza likashushwa. Dada Mkubwa akatupa udongo wa kwanza, wengine wakafuata, vijana wakafukia. Wakaitikia amina, wakarudi nyumbani.