Toazi la Upande wa Akina Mama

Juzi, kwenye studio ndogo mjini Nyeri, nilimkuta mama mmoja wa kwaya akiikataa kanda yao.

“Hii matoazi inapigwa na nani?”

“Kompyuta, Mama. Hata ngoma,” akajibu fundi wa sauti.

“Haijaokoka. Na kwetu Tetu matoazi ni ya akina mama, na kanisani sisi tunakaa kushoto. Hapa inalia katikati, ati kama imekaa na wazee wa kanisa.”

Fundi akasogeza toazi moja kwenye skrini hadi likalia kwenye spika ya kushoto. Mama akafumba macho, kiganja kikaanza kupiga goti.

“Sasa imekaa. Hiyo ingine punguza sauti, uweke karibu na mlango. Ni ya wale huchelewa.”

Wanaohofu kompyuta itatunyang’anya kanisa wamwone huyu mama. Ameshaipangia kiti.